Kopo la Mrututu

Wanaume wenzangu, nimeombwa niwaeleze kilichonipata. Nitasema yote, maana aibu yangu ilishaisha hospitali.

Mimi ni mkulima wa Masama. Zamani nilikuwa na nguvu, tena na maringo. Kahawa ilipokosa bei nilianza kupeleka ndizi Dar es Salaam, nikikaa huko wiki moja, hata mbili. Huko sikuwa mtakatifu. Mke wangu, Mama Ndeshi, alibaki kihambani, kwenye shamba letu la nyumbani, na watoto na ng'ombe.

Kilianza kama kinyama kidogo kwenye kichwa cha uume, hakiumi. Nikajiambia mimi nimetahiriwa, hayo ni ya wasiotahiriwa. Baadaye kikawa kidonda, kikatoa majimaji yenye harufu. Nikahamia chumba cha watoto kwa kisingizio kwamba nakoroma. Kila asubuhi niliingia stoo, nikachota mrututu, ile dawa ya bluu tunayopulizia kahawa, nikaupaka kwenye kidonda. Kama unaua ugonjwa wa kahawa, niliwaza, utashindwaje na huu wangu? Ulichoma hadi nikauma kola ya shati. Nilifanya hivyo mwaka mzima.

Siku moja Mama Ndeshi alinikuta stoo, kopo mkononi. Alikuwa ameona mrututu unapungua na kahawa haijapuliziwa. Akanipokonya kopo huku analia.

"Baba Ndeshi, unataka kunywa hii sumu utuache?"

Nikafungua suruali. Alitazama, akafunika mdomo kwa kanga, kisha akaniambia nivae viatu, tunakwenda hospitali.

Mjini Moshi nilikataa kuvua kwa sababu muuguzi alikuwa binti wa rika la mwanangu. Akaniambia taratibu, "Mzee, mficha uchi hazai." Nikavua. Walichukua kipande cha nyama wakapima, wakapima na damu. Ilikuwa saratani ya uume, na nilikuwa na virusi vya Ukimwi. Daktari alieleza kwamba virusi hivyo hudhoofisha kinga ya mwili, ndipo kirusi kingine, kile cha vinyama, kinapata nafasi ya kukaa muda mrefu na kuleta saratani. Nikamwambia nimetahiriwa.

"Tohara inapunguza hatari, mzee, haiimalizi," akasema. "Ungekuja mapema tungekata kidogo."

Wakakata sehemu kubwa. Mama Ndeshi naye alipimwa, majibu yake yakawa kama yangu. Mimi ndiye niliyempelekea. Hakunitukana hata neno moja. Heri angenitukana.

Nyumbani sikuweza tena kukojoa nimesimama. Mara ya kwanza nilichutama nyuma ya migomba, nikalia kama mtoto. Mama Ndeshi alinifuata, akakusanya kanga yake, akachutama kando yangu.

"Haya, sasa tuko wawili," akasema.

Tulicheka mpaka mshono ukaniuma.

Mimi nilipona kidonda. Yeye akaanza kukohoa, akakonda, mwisho nikawa namlisha uji kwa kijiko. Dawa za kupunguza makali ya virusi zilipofika kwetu, tulikuwa tumeshamzika pale kihambani, msimu mmoja tu wa kahawa kabla. Mimi nilizipata, nikanenepa, watu wakanipongeza. Namshukuru Mungu, nawashukuru madaktari na yule binti muuguzi. Lakini nashukuru nikiwa na uchungu, siwezi kuwadanganya.

Ukiona kinyama au kidonda huko chini, hata kama umetahiriwa, nenda hospitali. Usipake mrututu, usipake chochote. Kapime na damu, na kama una virusi, mwambie daktari akukague huko pia. Siku hizi dawa zipo.

Na mwonyeshe mkeo. Mimi nilijificha chumba cha watoto mwaka mzima, naye upande wa pili wa ukuta akidhani nimemchoka. Tangu siku ile ya stoo tuliishi pamoja miaka miwili. Ingekuwa mitatu.