Shemeji Orval na Bati la Fataki

Ukimuuliza mtu yeyote wa bonde letu, Orval ni mtu mwema. Akikuta gari limekwama kwenye theluji, analivuta. Kanisani ndiye anayepanga viti. Wajane anawapasulia kuni, isipokuwa mimi, na mimi ni mjane wa ndugu yake.

Gaylen, mume wangu, alipokufa, Orval alifika kabla mashada ya maua hayajanyauka. Alichukua bunduki zake za kuwindia, akasema mwanamke hana kazi nazo. Alichukua na buti zake za theluji, kwa kuwa miguu yao ilikuwa saizi moja. Akaniachia banda la nyuma na mashine ya kujazia risasi. Aliiona chuma chakavu. Hakujua kwamba ni mimi niliyekuwa nikiitumia miaka yote, Gaylen akipokea shukrani.

Kazi hiyo sikujifunza darasani. Shule niliiacha mapema, nikakamue ng'ombe wa baba. Lakini huku Montana watu huokota maganda ya risasi walizopiga na kuyajaza tena, na wasio na subira huniletea mimi. Ganda nalisafisha, kitakoni natia fataki mpya, yaani kile kikombe kidogo kama dengu kinachowasha baruti kikigongwa. Kisha baruti, kisha kichwa cha risasi. Fataki ziko za kawaida na ziko kali, za risasi kubwa. Ukizitazama mkononi ni mapacha. Kinachozitofautisha ni maandishi ya pakiti tu, kwa hiyo fataki haitoki kwenye pakiti yake mpaka inapoingia kwenye ganda. Na ukibadilisha aina, hata kama ni ya kiwanda kilekile, unashusha kipimo cha baruti na kuanza kukipandisha upya kidogo kidogo, kwa sababu moto umebadilika, na ukizidi risasi hulipukia nyuma.

Mwaka ule fataki ziliadimika. Duka la mjini likipata chochote, watu walinyakua bila kusoma. Mimi nilikuwa na akiba yangu ya fataki za kawaida ndani ya bati la zamani la jeshi, lile kasha la kuwekea risasi, chini ya meza ya banda. Banda halikuwa na kufuli. Kwetu hakuna banda lenye kufuli. Jirani akiishiwa kitu nawe haupo, anaingia, anachukua, na baadaye anarudisha kiasi kilekile bila kusema neno. Unga kwa unga, misumari kwa misumari. Kumuuliza mtu ni kumtukana.

Kabla ya msimu wa kuwinda elki, wale kulungu wakubwa wa milimani, wanaume walikusanyika kwenye shimo la kokoto kurekebisha shabaha za bunduki zao. Thayer, jirani yangu wa ng'ambo ya kijito, alipiga risasi nilizomjazia. Ya tatu ilimtapikia moto usoni kwa nyuma. Bunduki ilikwama, shavu likaungua, jicho likafungwa bandeji.

Orval ndiye aliyemshika mkono. Ndiye pia aliyesema mbele ya watu wote, kwa sauti ya huruma, "Msimlaumu sana Verna. Tangu marehemu aondoke, mkono hautulii."

Mpaka jioni maneno yalikuwa yameshafika kila jiko. Waliokuwa wameniletea maganda walikuja kuyachukua, mmoja mmoja, wakitazama ukuta. Msimu ndio huo, na msimu ndio mkate wangu. Jina likishaharibika kwenye kazi hii, halirudi. Nani atakupa uso wake mara ya pili?

Nililala nikimshuku kila mtu. Nilimshuku Thayer, labda aliongeza baruti mwenyewe. Nilimshuku mkewe. Asubuhi nilivuka kijito nikamwambia Thayer, "Nipe zilizobaki."

"Uzifiche?" Thayer akaniuliza. Alikuwa na jicho moja, lakini lilitosha kunichukia.

"Njoo ukae nami. Tutazivunja ukiona."

Alikuja. Nilitoa vichwa vya risasi, nikamwaga baruti ya kila moja kwenye mizani yake mwenyewe, aliyokuja nayo chini ya koti kwa kutoniamini. Zote zilikuwa sawasawa.

"Basi ni nini?" akasema.

Nikatazama bati chini ya meza. Mpini wake ulikuwa umeelekea dirishani. Mimi huuelekeza ukutani, kwa sababu nimeshajikwaa nao mara nyingi. Ndani pakiti zilikuwa zangu, idadi ileile, na maandishi yalisema kawaida. Lakini vitrei vya ndani, vinavyoshika fataki, vilikuwa vimechomekwa kichwa chini, na mimi sivirudishi hivyo.

"Nani huingia humu?" Thayer akauliza.

"Kila mtu. Kama kwako."

Thayer alikitoa kitrei kimoja, akakigeuza. Kisha akasema polepole, kama mtu anayeng'oa jino lake, "Orval alipata fataki dukani mwezi uliopita. Kali. Nilimcheka, nikamwambia, bwana, huna hata bunduki moja ya kuzitumia. Akasema atapata la kufanya."

"Na sasa anajazia nini bunduki zake?"

"Sijui. Lakini anapiga vizuri tu."

Ningeweza kwenda kupiga kelele mlangoni kwake. Ningekuwa mjane mwenye wazimu, na yeye ndiye mpanga viti. Nikamwambia Thayer anipe fataki zake mwenyewe, za kawaida, kutoka pakiti aliyoifungua kwa mkono wake. Nikajaza risasi chache, naye ameketi pale.

Jumamosi iliyofuata walikuwa tena kwenye shimo la kokoto. Akina mama wa kanisa walikuwa wameleta kahawa na viazi vya kuoka kwa jibini. Nilipokaribia, mazungumzo yalikatika. Orval alikuwa ameishika bunduki ya Gaylen, ya aina moja na ile ya Thayer.

"Verna," akasema, "umetuletea keki au bomu?"

Wakacheka. Nikamwekea risasi juu ya meza.

"Shemeji, unasema kosa ni la mkono wangu. Hizi nimejaza tena, kipimo kilekile cha Thayer, fataki kutoka bati lilelile. Wewe ni ndugu wa marehemu. Niondolee aibu, piga moja."

Kuhusu bati nilidanganya, na Thayer alijua. Orval alichukua risasi moja, akaigeuza kitako juu, akaitazama fataki. Akaiweka chini taratibu.

"Baruti umeshusha?" akauliza.

"Kwa nini nishushe? Fataki ni zilezile za siku zote."

Shingo yake iliiva ikawa nyekundu. Thayer alisogea mpaka bandeji yake ikawa karibu na pua ya Orval.

"Mjibu, Orval. Kwa nini ashushe?"

"Nilirudisha kwa hesabu," Orval akasema chini chini. "Nilichukua, nikarudisha. Fataki ni fataki."

"Kama fataki ni fataki," nikasema, "mbona zako hukuzipiga mwenyewe? Na mbona juzi ulimshika Thayer mkono ukanyamaza?"

"Ungeniuliza tu, shemeji, ningekwambia."

Niliichukua bunduki ya mume wangu mikononi mwake, nikatia ile risasi, nikapiga. Ganda likatoka laini. Bunduki sikumrudishia, na hakuidai.

Hakuna aliyeniomba radhi. Thayer alitia ndoo yake ya maganda nyuma ya gari langu, na kabla ya giza wengine walikuwa wamefanya hivyohivyo, bado wakitazama pembeni. Orval bado anapanga viti kanisani. Watu wanasema alikosea kidogo, na kwamba nilimwaibisha mno.

Nimenunua kufuli. Ni la kwanza bondeni, na mimi ndiye ninayeitwa mchoyo. Leo theluji imeanguka. Nilipotoka na kahawa yangu nimekuta nyayo zinatoka barabarani hadi mlango wa banda, zimesimama hapo, zimegeuka. Nimezitambua. Ni za buti za Gaylen.