Ua la Mama

Jana maua meupe yamefunguka kwa mlango wangu hapa Kimumu, na hiyo harufu inaweza kuamsha ng'ombe amechinjwa. Imenirudisha utotoni, kwa ile nyumba ya kupanga Kiplombe. Mama alikuwa na kamti kama haka, majani yanang'aa ni kama yamepakwa mafuta. Lakini baridi ikikuja, maua inaanguka kabla ifunguke.

"Mama, hiyo ni kahawa," jirani alikuwa anamcheka. "Utatupikia lini?"

"Ngoja ichanue. Utainusa ukiwa mbali kule Soy!"

Tulihama kabla ichanue.

Jana nimemkatia Mama moja, nikamwekea kwa pua. Akavuta, akavuta tena. Uzee umemaliza hiyo pua.

"Haya niambie," akasema. "Inanukia aje?"

Mimi, mwenye hudanganya mpaka kuku wanacheka, nikamwambia tu, "Tamu, Mama."