Barafu Kutoka Mikumi

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa mkaa nisage. Nilikuwa nimetoka kwetu Masanze na gauni jeupe lililonyooshwa kwa pasi, nikitarajia kuonyeshwa darubini. Bwana Mkuu wa Maabara pale Kilosa akanisogezea kinu kidogo. "Saga, binti. Uwe laini kama poda ya mtoto." Kufika jioni nilifanana na mchoma mkaa. Uhuru ulikuwa bado mchanga, nasi vijana tulidhani kazi zote zingekuwa za kujivunia.

Mkaa ule ulikuwa wa kutengenezea kile tulichokiita uji wa safari, yaani kitu cha kuhifadhia vimelea wakiwa hai njiani. Tulichemsha agari kidogo, ute unaotokana na mwani, pamoja na chumvi zake, tukachanganya na mkaa unaofyonza sumu. Tulijaza vichupa hadi mdomoni ili hewa isipate nafasi, kisha tukavipika kwa mvuke. Chakula hatukutia. Nilipouliza sababu, Bwana Mkuu alicheka. "Mgeni huyu tunampa kitanda, hatumpi ugali. Akishiba atazaa njiani, tushindwe kujua nani ni nani."

Jambo moja alilirudia hadi likatuchosha: kimelea wa homa ya uti wa mgongo hufa kwa baridi. Kichupa chake kisafiri kifuani mwa mtu.

Salome, muuguzi niliyesoma naye, alipangiwa Mikumi. Mganga Msaidizi wa kule akivuta maji ya mgongo, Salome aliyatia kichupani, na gadi wa treni akakiweka mfukoni mwa shati, chini ya koti, hadi Kilosa. Mfuko ule ulitusaidia sana, ingawa Salome alijua agizo tu, si sababu yake.

Zikaja enzi za vijiji vya Ujamaa. Familia zilizokuwa zimetawanyika zilikusanywa pamoja, nyumba zikabanana, na msimu wa vumbi homa ile ya uti wa mgongo ikaingia. Wengi walipona kwa vidonge vya salfa. Lakini vimelea wengine walikuwa wameshaizoea dawa hiyo, na dawa kali ilikuwa haba. Mganga wa Wilaya aliitoa tu pale maabara ilipothibitisha kwamba salfa imeshindwa.

Ndipo Neema, mtoto pekee wa Salome, akaugua. Alikuwa na degedege, hakuweza kusafirishwa.

Siku hiyo watu wa chanjo walikuwa wamepita Mikumi na sanduku lao la barafu. Gadi alishuka akiwa amekumbatia chupa ya chai iliyofungwa kwa khanga. "Mama Neema amesema maji haya ni ya mwanawe, nisiyatie mfukoni yakapata jasho langu. Ameyafunga mwenyewe." Nilifungua nikakuta kichupa kimezama ndani ya barafu. Bwana Mkuu alikigusa, akaenda kusimama dirishani. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi.

Tulipanda matone yale hivyo hivyo kwenye sahani za kuoteshea vimelea. Hakikuota kitu.

"Hakuna kabisa?" Mganga wa Wilaya aliuliza.

"Hakuna, Daktari. Yalipigwa na baridi. Nakuomba umpe dawa tu," alisema Bwana Mkuu.

"Dawa iliyobaki ni ya wale wawili walioko wodini. Leta maji mengine, nami nitaitafuta hata Morogoro."

Tuliagiza maji mengine kwa simu ya stesheni. Gadi aliporudi, mfuko wake ulikuwa mtupu. Neema alikuwa amezikwa.

Sijui kama angepona. Hakuna ajuaye. Msibani Bwana Mkuu alinivuta pembeni. "Binti, kanuni ile tutawakumbusha watu wote wa zahanati, siku nyingine. Leo kaa kimya." Nikakaa kimya. Baadaye nilihamishiwa Morogoro, nikarudi Kilosa kuwa mkuu wa maabara, na vijana niliowafundisha kuogopa baridi ni wengi. Wakiuliza nilikojifunzia, huwaambia ni kwa Bwana Mkuu.

Sasa nimestaafu. Mara kwa mara hupanda basi kwenda Mikumi kumsalimu Salome, naye hunikaanga kwa maneno kwamba nimezeeka vibaya. Mwezi uliopita aliacha utani, akashika kikombe chake kwa mikono miwili.

"Dada, kuna jambo moja hunifariji. Wa wenzangu niliwatia mfukoni mwa gadi. Wangu nilimwekea barafu."

Nilimshika mkono.

"Ulimtunza, dada," nikasema. "Ulimtunza."