Barua Niliyoiruka

Leo nimeumbuliwa barazani kwangu, na aliyeniumbua nimemfundisha kusoma mimi mwenyewe.

Nilikuwa nawasomea vijana gazeti, kama kila Ijumaa. Barua ya kutaka tususie kura hii ya mkoloni, inayowaruhusu wenye elimu na kipato tu, niliisoma kwa sauti ya radi. Ya kuiunga mkono kura hiyo nikairuka. (Nyinyi mngeisoma?)

"Mjomba, umeruka moja," akasema Mwanaidi, mpwa wangu, akichungulia gazeti begani kwangu.

"Upuuzi mtupu huo!"

"Basi tusomee, tucheke sote."

Wakaangua kicheko. Nikamkabidhi gazeti.

Akaisoma yote, taratibu. Hakuna aliyecheka. Kisha wakabishana hadi adhana, wala hakuna aliyeniuliza mimi.

Bado nasema tususie. Lakini kesho naijibu ile barua, hoja kwa hoja.

Mwanaidi kanionya nisiruke hata moja.