Sanduku Nililolikana

Ipo asubuhi moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka masikio hunipata moto hata nikiwa peke yangu. Usicheke kwamba nakuita mwanangu. Najua tumepishana miaka tisa tu, lakini wewe ni mtoto wa dada yangu, na mama mdogo ni mama. Nimesikia umeitwa kwenye usaili wa kazi ya kompyuta huko Kigali, na kwamba maswali yatakuwa ya Kiingereza. Mambo haya nisingeweza kukueleza ana kwa ana, aibu ingenifunga mdomo. Ndiyo maana naandika, polepole kama kawaida yangu.

Unakikumbuka kibanda chetu cha kutengeneza simu, karibu na mpaka wa Kongo. Tulikuwa wawili, mimi na Safari, yule kijana mrefu ambaye bibi yake anakaa Goma, na Kiswahili chake ni cha huko. Mimi nilifungua simu, Safari aliita wateja, na mdomo wake ulileta watu kuliko bango lolote. Umeme ulikatika mara kwa mara, na akina mama waliovuka kwenda kuuza viazi vya Bugeshi walitaka kuchaji simu zao kwanza. Basi nikaanza kuokota betri za kompyuta zilizotupwa. Nilizipasua, nikapima seli moja moja kwa kipimo cha umeme, mbovu nikaziweka kando, nzima nikaziunga kwa risasi ya kuyeyusha ndani ya sanduku la mbao la kutunza umeme. Ilinichukua miezi minne. Safari alinishikia tochi, basi. Siku sanduku lilipofanya kazi, mstari mzima wa vibanda uliwaka taa, na mama mmoja muuza viazi akapiga vigelegele.

Mwaka huohuo mwenye kiwanja akatupa miezi mitatu tuondoke, anataka kujenga. Mimi niliishia darasa la sita. Nje ya kile kibanda, sikuujua mlango mwingine ambao ungenifungukia. Kisha ikatokea kampuni moja ya umeme wa jua iliyotafuta mafundi. Hawakudai cheti, walitaka kuona kazi ya mtu. Lakini wakubwa wao walitoka nchi za nje, kwa hiyo usaili ulikuwa wa Kiingereza. Nikatuma picha ya sanduku langu. Wakaniita.

Aliyeniandaa ni Mzee Gasana, jirani yetu, mwanajeshi mstaafu aliyekulia Uganda. Kila asubuhi, kwa wiki tano, alinisimamisha uani kwake kama askari mpya.

"Kidevu juu, Vestine! Unaongea na mimi au na viatu vyangu?"

Nikijibu kwa sauti ndogo, alimwita mkewe: "Mama, zima redio, kuna mbu hapa anajaribu kusema!"

Nilicheka, nikarudia, nikacheka tena. Mwishoni niliweza kueleza nilikotoka, ninachojua na ninachotaka, kwa Kiingereza, bila kutokwa jasho. Haba na haba hujaza kibaba.

Siku yenyewe nilikuta watu watatu nyuma ya meza. Maswali ya mwanzo yalikwenda vizuri, na Kiingereza hakikuniangusha hata kidogo, naomba uliweke hilo moyoni. Kisha mama mmoja mwenye miwani akatoa ile picha. Akatabasamu. Akasema sanduku lile limewashangaza wote, akaniuliza nililitengenezaje.

Mwanangu, unajua tulivyolelewa. Mgeni akisifu chakula, mpishi husema hakina ladha, kimepikwa haraka tu. Mgeni hukataa, husifu tena, na hapo ndipo mpishi hutabasamu. Anayepokea sifa mara ya kwanza huonekana ana kiburi. Na wahenga wamesema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Basi niliinamisha macho, nikajibu kwa Kiingereza safi nilichofundishwa uani kwa Mzee: "Si mimi hasa. Fundi ni mwenzangu, Safari. Mimi nilimsaidia kidogo."

Nikangoja wanikatalie.

Hawakunikatalia. Yule mama aliacha kutabasamu, akaandika. Akauliza Safari anapatikana kwa namba gani. Na mimi, mwanangu, nikamtajia! Nilijisikia nikitaja tarakimu moja baada ya nyingine kama mtu anayeota. Wakanishukuru, nikajikuta nje, sijui nilipitaje mlangoni.

Siku ya tatu simu ya Safari ikalia pale kibandani. Alisikiliza, macho yakamtoka.

"We Vestine! Kampuni yako iko inaniita mimi! Mi sijaomba kazi hata siku moja. Ni mutu gani alinitaja?"

Hapo ningeweza kusema kweli. Badala yake nikajifanya ninatafuta bisibisi chini ya meza, nikasema, "Nenda tu. Labda wanataka watu wawili."

"Bon. Labda wanataka mutu wa kuongea," akasema, akacheka. Akaazima shati la kaka yake, akaenda.

Alirudi kabla ya saa sita, kidole kimefungwa kitambaa. Walimwekea betri mezani wakamwambia aziunge kama alivyoziunga zile za kwenye picha. Akagusisha nyaya zisizofaa kugusana. Moshi ukajaa chumbani, watu wakakimbilia madirishani.

"Niliwaambia, dada. Nilisema sanduku ni ya Vestine, mi nilishika tochi tu."

"Wakasemaje?"

Safari alinitazama kama ambavyo hajawahi kunitazama.

"Walisema mwenyewe ulikana. Iko kwenye karatasi yao. Sasa sisi wote wawili ni waongo. Donc, kumbe ulinituma kule nichekwe?"

Nilikaa chini pale pale, kwenye vumbi. Maji yakimwagika hayazoleki. Nafasi ile akapewa mtu mwingine kabisa.

Jioni nilimwendea Mzee Gasana nikamwambia kila kitu. Nilidhani atanihurumia.

"Nilikufundisha Kiingereza," akasema. "Uongo nani alikufundisha?"

Nilishtuka kuliko nilivyoshtuka siku niliyotaja namba ya Safari. Nikasema, "Mzee, ulikuwa unyenyekevu."

"Unyenyekevu ni kutomdharau mwenzako. Wewe umesema jambo lisilokuwepo, na mtu ameungua kidole kwa ajili yake. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Je, wewe ndiye pekee usiye na haki?"

Usiku uleule nikaenda kumwomba Safari msamaha.

Safari alinisamehe, lakini ilichukua muda, na nilimwomba msamaha zaidi ya mara moja. Mimi sasa nina meza ndani ya duka la watu njia ya Nyundo. Inanilisha. Sitakudanganya kwamba siwazi ile kazi.

Basi nisikilize. Jifunze Kiingereza, rudia mpaka ulimi uzoee, lakini jua kwamba lugha ni chombo tu, kitabeba utakachokiweka. Ukiulizwa umefanya nini, sema ulichofanya, kama shahidi anavyosema alichokiona. Usiongeze, na mama yako mdogo anakuomba, usipunguze. Aliyekusaidia mtaje kwa kiasi alichokusaidia. Wale wa nyuma ya meza si wageni wa nyumbani kwetu. Ukisema huwezi, wataandika huwezi, na hawatakubembeleza. Mficha uchi hazai, mwanangu. Na ukikosea, sema siku hiyohiyo, kabla kosa lako halijamwangukia mwingine.

Nenda. Mungu akutangulie njiani, akupe sauti ya kutosha na moyo mtulivu, na kazi ya mikono yako iitwe kwa jina lako.