Kipande cha Neno

Siku yangu ya kwanza katika kituo cha mifugo cha Ibra, katika nchi ya Waarabu tuliyohamia miaka ya sabini, nilimpima ng'ombe mgonjwa nikasema kwa sauti, "Krava ana homa." Udaktari wa mifugo niliusomea Bulgaria, na kazi yote ilinikaa kichwani kwa lugha ile. Mkuu wa kituo, mzaliwa wa Pemba, akashtuka.

"Wallahi, daktari, krava ni maradhi gani tena? Yanaambukiza?"

Nikamwambia ni ng'ombe tu. Kwa kuwa alipenda mazungumzo, nikampa na asili yake. Wataalamu wa lugha walichukua korova ya Warusi, krowa ya Wapoland na krava ya Wabulgaria, wakarudi nyuma hadi neno la babu zao wote: *korva. Ile nyota ni alama kuwa hakuna aliyelikuta limeandikwa. Limeundwa upya kwa vipande. Wengi hulihusisha na pembe, yaani mnyama mwenye pembe, ingawa sauti yake ya mwanzo haiwaridhishi wote.

"Na asiye na pembe je?" akauliza, akacheka mpaka akakaa chini.

Miaka ya themanini nikahamishiwa Nizwa. Mkuu wa idara huko hakuwa na mzaha: chanjo ya kimeta, ugonjwa unaoua mnyama ghafla, lazima iishe kabla ya joto kali. Nikawa mtu wa barabarani. Nyumbani, mama yangu alifuga ng'ombe mmoja uani. Kiarabu hakikumwingia mama, na Kiswahili hakikumwingia binti yangu mdogo. Mmoja akisema ng'ombe, mwingine bagara. Walipendana kwa kushikana mikono.

Mama akaugua. Siku aliyofariki, gari la kazi liliharibika nikakwama gereji huko Firq, nje ya mji. Mke wangu alikuwa jikoni. Mtoto ndiye aliyekuwa kitandani naye. Niliporudi nikamuuliza bibi yake kasema nini.

"Ma fhimt, baba," akalia. Hakufahamu. "Ombe. Bas, ombe."

Ng'ombe? Huenda alitaka ng'ombe wake anyweshwe maji. Au alisema, "Niombee"? Nilikigeuza kipande kile kama nilivyofundishwa, lakini maneno ya Waslavu, yaani Warusi na wenzao, yana ndugu wa kulinganishwa nao, na hili halikuwa na ndugu. Nililia sana. Kisha nikamtilia ng'ombe maji, nikarudi kumwombea mama.

Sasa nimestaafu. Binti yangu ana watoto wake, na bado huniuliza bibi alisema nini siku ile.

"Alisema umwombee," humjibu.

Naye humwombea, kwa Kiarabu. Mimi mwenyewe sijui mpaka leo.