Gogo la Tangi la Daktari wa Meno

Mama Randa alikuwa seremala kwa miaka ishirini na sita, na katika miaka hiyo yote hakuna aliyewahi kumwona akimkabidhi mteja kitu kilichofifia. Kigoda, mlango, hata mpini wa jembe, sharti akipitishie kitambaa chake cha mafuta mpaka king'ae ndipo kitoke karakanani. Mafundi wenzake walimcheka. "Huyu hata ukuni akikuazima utaogopa kuupikia," walisema. Naye alivimba kichwa, maana aliyasikia maneno hayo kama sifa.

Siku moja akaitwa na daktari wa meno wa mtaa wa pili. Katika chumba cha kusubiria wagonjwa palikuwa na tangi la samaki la kioo, refu kama benchi, na daktari alitaka kutia ndani yake gogo la mti halisi, lenye matawi na vishimo vya samaki kujifichia. Wagonjwa wakitazama samaki, alisema, husahau mlio wa mashine. Gogo la plastiki lingemtosha, ila Shangazi alikuwa amekataa katakata.

Shangazi hakuwa shangazi wa mtu yeyote pale. Alikuwa mfanyakazi wa usafi, mwanamke wa miaka sitini na kitu, na wote walimwita hivyo kwa heshima. Samaki wale kumi na mmoja walikuwa wa daktari kwa jina tu. Aliyewalisha, akawabadilishia maji na kuwajua tabia mmoja mmoja, alikuwa yeye. Kulikuwa na mmoja aliyemwita Mwalimu, kwa kuwa alipenda kutangulia mbele ya wenzake, na mwingine Mpelelezi, ambaye kila mgonjwa akiingia alikuja kiooni kumkodolea macho.

"Mwanangu," alimwambia Mama Randa, "hawa hawana pa kukimbilia. Ukitia kibaya mle ndani, watakinywa wote."

"Shangazi, mti ndiyo kazi yangu. Wewe lala usingizi."

Tusimwonee. Kazi aliifanya. Alishuka mtoni mwenyewe, mpaka kwenye kona ambako mafuriko hutupa magogo, akayapitia moja baada ya jingine kama mama mkwe anayekagua chumba cha mwali. Yaliyolala karibu na gereji aliyaacha, yalinuka dizeli. Yenye utomvu wa kunata aliyaacha. Moja zuri ajabu alilikwangua ganda, akakuta ndani bado bichi, akalitupa. Mchimba mchanga mmoja akamwambia ana gogo zuri la pwani nyumbani, akamjibu kuwa hilo limeshiba chumvi na samaki wa maji baridi hawaiwezi. Mwishowe akapata shina kavu, la kijivu, lenye matawi matatu. Akalichoma kwa ncha ya msumari, msumari ukagoma kuingia. Akalinusa, likanuka udongo tu.

Karakanani akalibandua vipande vya ganda vilivyobaki, akakwangua sehemu zilizooza, akalisugua kwa brashi ngumu na maji matupu bila sabuni. Akalichemsha katika pipa lililokatwa nusu, kwa muda mrefu, kisha akaligeuza na kuchemsha upande uliokuwa umechomoza nje. Maji yalitoka meusi kama chai iliyosahaulika jikoni. Akayamwaga, akachemsha tena. Baada ya hapo akalilaza kwenye maji wiki tatu nzima, jiwe juu yake lisielee, na kila baada ya siku mbili akabadilisha maji. Mumewe, fundi cherehani aliyeshonea chumba cha pili, alikuwa akimchungulia mlangoni.

"Mimi mumeo hujawahi kuniogesha hivyo," alisema.

"Wewe hukai majini wiki tatu," akajibiwa.

Wiki ya tatu ilipokwisha, jiwe likaondolewa na gogo likabaki chini lenyewe. Maji yalikuwa meupe. Hapo kazi ilikuwa imekwisha, na laiti angeishia hapo!

Jumamosi asubuhi alilitoa, akaliweka juani ili libebeke. Likakauka haraka, na lilipokauka likafifia, kijivu, kama kitu kilichookotwa jalalani. Nje mwenye mkokoteni alikuwa akimpigia kelele ana safari nyingine. Mama Randa akageuka kumjibu, na huku akimjibu mkono wake wa kulia ukaenda ukutani, kwenye msumari wa kitambaa, ukafanya ulichokifanya kwa miaka ishirini na sita. Ukapita kwenye shina, ukapita kwenye kila tawi, ukaingia mpaka kwenye vishimo. Yalikuwa mafuta yake ya siku zote, yaliyochanganywa na thina ya kuzimulia rangi. Gogo likang'aa. Akaliangalia, moyo ukamtulia, akalipakia mkokotenini.

"Jamani!" Shangazi alisema lilipozama katikati ya tangi. "Linang'aa mpaka ndani ya maji!" Mpelelezi akalizunguka mara mbili, akaingia kishimoni. Daktari akafurahi, wagonjwa wakafurahi. Kliniki ikafungwa mchana, na Jumapili haikufunguliwa.

Jumatatu asubuhi daktari alimwita. Alipoingia alimkuta Shangazi amekaa kwenye kiti cha wagonjwa, jambo ambalo hakulifanya hata siku moja, na mbele yake gazeti limetandikwa sakafuni. Samaki kumi na mmoja walikuwa juu ya gazeti, wamepangwa, kila mmoja na nafasi yake.

"Fundi, tunatafuta kilichobadilika," daktari alisema. Alikuwa mtu mpole na hakumnyooshea mtu kidole. Mama Randa akasogea tangini. Juu ya maji palikuwa na utando mwembamba wenye rangi za kuchezacheza, kama kwenye dimbwi la gereji. Akainama, akajifanya anatazama kokoto, akanusa. Ilikuwa thina.

Alijua papo hapo. Mkono wake wa Jumamosi akauona kama unavyomwona mtu mwingine anayepita dirishani. Akafungua kinywa aseme.

Shangazi akamtangulia. "Ni mimi, daktari. Jumamosi nilitoka kufua mapazia, mikono ina sabuni, nikaitia mle kusogeza kokoto. Sikuisuuza vizuri. Ni mimi niliyewaua."

Daktari akashusha pumzi. Akasema si neno, Shangazi, ni bahati mbaya, lakini akiweka samaki wengine atawashughulikia yeye mwenyewe. Alilisema taratibu, na ndiyo maana liliuma zaidi.

Na Mama Randa? Kinywa kilikuwa wazi tayari, maneno yalikuwa yameshafika ulimini. Akasema, "Pole, Shangazi." Kisha akajitolea kulibeba gogo, eti akalihifadhi, naye daktari akamshukuru.

Nitakuambia aliyojiambia njiani, maana aliyasema mengi. Samaki ni samaki, sokoni huuzwa kwa mafungu. Shangazi hajafukuzwa kazi. Huenda na ile sabuni nayo ilichangia, nani ajuaye? Hoja zilikuwa nzuri na zilipangika, ila usiku haukufika kabla hazijaisha zote. Ikabaki aibu peke yake. Gogo akalipasua kwa shoka, akalichoma siku hiyohiyo.

Siku tisa aliishi hivyo. Mteja mmoja alipokuja kuchukua kabati, akapitisha kiganja juu ya mlango wake na kusema, "Wewe mama, kazi yako haina doa," Mama Randa alitamani ardhi ipasuke immeze. Kitambaa alikitoa ukutani, akakitupa, akakiokota, akakitundika tena. Alibadilisha njia ya kwenda dukani ili asipite mbele ya kliniki, mwanamke mzima wa miaka hamsini, akakatiza vichochoroni kama mwenye kuiba kuku.

"Ubao huo umeupiga randa mpaka unataka kuwa karatasi," mumewe alimwambia. "Una nini?"

"Sina kitu."

Siku ya tisa, Jumatano, Shangazi alikuja karakanani. Akakataa kukaa.

"Nimekuja kukuomba radhi, mwanangu," alisema. "Ulihangaika wiki tatu, mimi nikakuharibia kwa dakika moja. Sikupata uso wa kuja mapema."

Mama Randa alitazama chini, na chini ndiko ilikokuwa mikono ya Shangazi. Ilikuwa imechubuka, ngozi inabanduka kwenye vifundo.

"Mikono imekuwaje?"

"Naisugua tu. Nahisi sabuni haijatoka." Akaificha ndani ya kanga. "Binti yangu kajifungua juzi. Nilikuwa ndiye wa kumwogesha mtoto. Nimemwambia mgongo unauma. Naogopa, mwanangu. Ikiwa nimeua kumi na mmoja bila kujua, kichanga je?"

Hapo ndipo nafsi ilipomsuta kuliko siku zote tisa. Akaweka randa chini.

"Shangazi, si wewe."

"Usinifariji."

"Sikufariji. Nililipaka mafuta lile gogo. Asubuhi ileile, kwa mazoea, bila kufikiri. Mafuta yana thina, yale ni sumu. Mikono yako haina kosa lolote. Nenda kamwogeshe mtoto."

Katika chumba cha pili cherehani ilikuwa imesimama.

"Umelijua hili lini?"

Angeweza kusema leo. Angeweza kusema jana, nikakosa nafasi ya kuja. Yote mawili yalimjia.

"Jumatatu ile," alisema. "Niliyaona maji, nikanusa."

"Mimi nikiwa nimekaa pale."

"Ndiyo."

"Ukaniambia pole."

"Nilikuambia."

Shangazi akaitoa mikono kwenye kanga, akaitazama nyuma na mbele kama imerudishwa kutoka kwa mtu aliyeiazima. "Mafuta nakusamehe," alisema. "Mkono una mazoea yake. Lakini ile pole, sijui niiweke wapi." Akatoka.

Mama Randa hakuvua hata aproni. Alimfuata nyuma, vumbi la mbao nyweleni, mpaka kliniki, akamkuta daktari mlangoni pa chumba chake akimwita mgonjwa aliyefuata. Akamweleza palepale, mbele ya watu sita waliovimba mashavu: gogo, kitambaa, thina, na zile siku tisa. Hakuruka kitu. Mgonjwa mmoja aliondoa leso mdomoni ili asikie vizuri. Daktari akamgeukia Shangazi, akamwomba radhi, akamwambia samaki wapya watakuwa chini yake, yeye tu. Mama Randa akamwacha amesimama, akaingia ndani na mgonjwa wake.

Mama Randa akajitupa kwenye kiti kilichoachwa wazi. Shangazi alikuwa ameshachukua ndoo na dekio, anadeki kuanzia dirishani, kiti baada ya kiti. Alipomfikia hakumwangalia usoni, wala hakumwita tena mwanangu.

"Inua miguu, fundi," alisema.

Akainua.